Somo la Historia: Tezi Iliyo Juu ya Figo

Leo historia yetu si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya ugonjwa mmoja na dawa yake. Tuseme kaka yako amerudi kutoka hospitali, akawaambia watu wa nyumbani jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia: ugonjwa wa Addison. Mama analia. Baba mdogo anauliza ni nani aliyemroga. Wewe utafanya nini?

Tuanze na jambo mnalolijua. Wengi wenu mmechinja ng'ombe. Ukipasua mafuta yaliyofunika figo, ndani yake kuna kinyama kidogo ambacho hutupwa au kupikwa pamoja na mafuta, wala hakuna anayekiuliza jina. Hiyo ni tezi. Binadamu naye anazo mbili, moja juu ya kila figo. Tezi hizi hutoa homoni, yaani vitu vinavyoingia katika damu na kuuwezesha mwili kushika chumvi yake na kustahimili njaa, homa na majeraha. Zikiharibika, mtu hulegea, hukonda, hutapika, huona kizunguzungu akisimama, na hutamani chumvi kuliko desturi yake.

Aliyeueleza ugonjwa huu kwanza ni daktari Mwingereza, Thomas Addison, wa hospitali ya Guy's mjini London. Mwaka 1855 alitoa kitabu juu ya wagonjwa 11. Aliona ngozi za wengi wao zikiingia weusi, na walipokufa akazikuta tezi zao zimeharibika. Kwa Mzungu weusi huo huonekana upesi. Kwetu sisi sharti kutazama kwa makini: fizi, mistari ya viganja, makovu mapya, kama vimekuwa vyeusi kuliko vilivyokuwa. Ndiyo sababu mgonjwa wa kwetu aweza kuzunguka miezi mingi, huyu akimwambia ana malaria, yule akimwambia amerogwa.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu sisi wa Shinyanga na Geita. Baadhi ya wagonjwa wale wa Addison tezi zao zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Huku kwetu watu wamechimba dhahabu vizazi kadhaa. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka 1966. Mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na wachimbaji wadogo hawakuacha kuchimba. Vumbi la mwamba uliopasuliwa huumiza mapafu, na mapafu yaliyoumia hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Wadudu wake waweza kusafiri katika damu mpaka kwenye tezi hizo. Si kila mgonjwa wa Addison aliugua kifua kikuu, maana mwili wenyewe nao huweza kuzishambulia tezi zake. Lakini daktari lazima aambiwe kama mgonjwa alifanya kazi shimoni, au aliwahi kukohoa kwa muda mrefu.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa hauna dawa, na jamaa walikuwa na kazi moja tu, kungoja. Katika miaka ya 1930 wataalamu walifanikiwa kutoa homoni katika tezi za ng'ombe. Baadaye dawa iitwayo kotisoni ikatengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe. Kendall na Hench wa Marekani, pamoja na Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa uchunguzi wao wa homoni hizi. Nyongo ilikuwa haitoshi, basi wataalamu wakatafuta katika mimea. Wakaipata katika mkonge! Wazee wa Usukuma waliokwenda kufanya kazi Tanga waliyakata majani yale kwa ajili ya kamba, na maji yake yakimwagwa. Katika maji hayo mna kitu kiitwacho hekojenini, na katika miaka ya 1950 Waingereza walianza kukitumia, kutoka mkonge wa Afrika Mashariki, kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni. Mimi niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda.

Mwezi wa Julai 1963 Mwalimu Nyerere alipokelewa Washington na Rais John Kennedy. Kennedy alikuwa na ugonjwa huu huu, uliotambuliwa London mwaka 1947. Wapiga kura hawakuambiwa wazi. Lakini jamaa zake walijua, na walioandika maisha yake wanasema akiba ya dawa iliwekwa katika miji mbalimbali ili asije akaikosa safarini. Kuficha kwao sikusifu. Akiba ile naisifu.

Maana hatari yenyewe iko hapa: dawa haikatwi hata siku moja, hata mgonjwa akijiona mzima kabisa. Vidonge vya haidrokotisoni ni shida kupatikana katika nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo mara nyingi hutolewa prednisoloni. Msingoje kichupa kiwe kitupu ndipo mwende dukani. Mgonjwa akipata homa au jeraha, mwili huhitaji dawa zaidi. Muulizeni daktari mapema ni kiasi gani, na mwandike. Akitapika hata vidonge visikae tumboni, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku uleule apigwe sindano ya haidrokotisoni na kutiwa maji ya chumvi mshipani. Tena, kama anatibiwa kifua kikuu, daktari akumbushwe, kwa kuwa rifampisini huimaliza upesi nguvu ya dawa hii. Na baba mdogo msimfukuze. Mpeni kazi ya kuhesabu vidonge kila Jumapili.

Sasa chukueni kalamu. Mwalimu ataandika ubaoni maneno ambayo mgonjwa huyu hutembea nayo mfukoni, nanyi mtayanakili kwa herufi kubwa:

NINA UGONJWA WA ADDISON. NATUMIA DAWA KILA SIKU. UKINIKUTA NIMEZIMIA, NIPELEKE HOSPITALI SASA HIVI. NAHITAJI SINDANO YA HAIDROKOTISONI.

Chini yake acheni nafasi ya jina lake na jina la ndugu wa kuitwa. Someni kwa sauti, mmoja mmoja. Kwaherini mpaka wiki ijayo.