Msomi bila kazi aliyehesabu herufi

Leo sitaandika juu ya muhogo wala udongo. Nataka kuwaelezea historia ya herufi 100.

Mwaka niliomaliza lisansi ya agronomia, nilikaa miezi mingi bila kazi. Jioni nilikuwa napita ku klabu ya Kingereza, kwa kuwa kukaa nyumbani kulikuwa kunaniletea mawazo. Tulikuwa na Scrabble moja ya zamani, ya Kingereza. Siku moja nilikuwa na vibao A, E, I, R, S, T na W. Nikaandika «wait», nikafurahi. Mdogo mmoja wa kike, wa mwaka wa kwanza, akaniangalia: «Yaya, uko na neno la herufi 7 pale, na unaliharibu.» Akapanga «waiters». Ile neno nilikuwa naijua tangu sekondari. Sikuiona tu.

Nikamuuliza aliipata namna gani. Akasema hatafuti neno refu kwanza. Anaangalia kama ana herufi za «satire», kisha anaongeza moja. Ukiweka W, unapata «waiters». Ukiweka L, «realist». Ukiweka P, «pirates» ao «parties». Ukiweka N, «retains». Anayeweka vibao vyote 7 mara moja anapata pointi 50 za zawadi, njo maana wachezaji wakubwa wanajifunza ile misingi ya herufi 6 kwa moyo. Lakini sababu gani A, E, I, R, S na T zinakubali namna ile? Na nani aliamua E iwe na pointi 1 na Q pointi 10?

Jibu linatupeleka New York, mwaka wa 1931. Marekani ilikuwa ndani ya shida kubwa ya uchumi. Alfred Butts, msomi aliyekuwa anachora ramani za majengo, alipoteza kazi. Akaamua kutengeneza mchezo. Badala ya kukisia, alichukua magazeti, kati yao New York Times, akahesabu herufi moja kwa moja ku kurasa zile. Sisi wa agronomia tunaijua ile kazi: unapima mita moja ya mraba ndani ya shamba, unahesabu miche yote, unaandika, unahamia pengine.

Ndani ya ile hesabu njo mulitoka mchezo. E ilikuwa nyingi kupita zote, kwa hiyo iko na vibao 12 na pointi 1. A na I ziko na 9, kila moja. Q na Z ziko na kibao 1 kila moja, pointi 10. S ni ya kawaida sana ndani ya Kingereza, lakini Butts aliiwekea 4 tu, sababu Kingereza kinaongeza S kwa kuonyesha wingi, na ingekuwa rahisi mno kurefusha kila neno. Akaongeza vibao 2 vitupu vinavyoweza kuwa herufi yoyote. Jumla: 100.

Musifikiri pesa zilikuja mara moja. Makampuni yaliukataa. Alirudia kazi yake ya zamani, huku akitengeneza vibao kwa mikono yake na kuwagawia warafiki. Mchezo ulibadilisha jina mara kadhaa, mpaka 1948, wakati James Brunot aliuchukua na kuuita Scrabble. Hata yeye alianza kwa hasara. Ni ku miaka ya 1950 tu watu walianza kuugombania, na Butts akawa anapata senti chache ku kila seti. Toka kuhesabu mpaka kufaulu ilipita miaka 20 hivi.

Sasa, jambo la pili. Wengi tunaamini anayejua maneno marefu njo anashinda. Mwezi wa 11 mwaka wa 2015, ku Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kingereza. Wanigeria walikuwa wamejifunza kwamba mara nyingine neno la herufi 5 linafaa kupita refu: unabakiza herufi nzuri, na adui haumufungulii mlango ku ubao. Mwaka uleule, Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa Kifaransa, ku Ubelgiji, bila kujua kusema Kifaransa. Alikuwa amesoma kamusi wiki 9 hivi. Ku fainali alipiga mchezaji wa Gabon, inchi wanasoma Kifaransa tangu utoto!

Lakini hesabu ya Butts iko na kwao. Nilijaribu na mdogo yule kucheza Kiswahili na vibao vilevile. Hatukuweza kuandika «kuku» bila kibao kitupu, sababu Kingereza kilipewa K moja tu. Ku seti ya Kifaransa ni vilevile: K moja, tena na pointi 10, kama vile ni kitu adimu. Kwetu K inatembea kila mahali, hata ndani ya kitenzi «kukaa» utaikuta mara 2. Herufi haikuwa adimu. Ilihesabiwa ku shamba la wengine.

Ile ilinigusa zaidi kuliko pointi. Kesho yake nilichukua daftari, nikaenda ku mashamba ya wajirani, nikaanza kuhesabu mihogo: ngapi iko muzima, ngapi iko na mozaiki, aina gani, upande gani. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenilipa. Wamama wengine walinicheka. Kazi ya kwanza niliyoomba na lile daftari mkononi, sikuipata. Ya pili waliniuliza: «Hizi hesabu ulizitoa wapi?» Nikasema, shambani. Tukaongea saa nzima.

Wandugu, mwenye diploma ndani ya valizi asingoje neno refu lije lenyewe. Chukua ukurasa moja wa Kiswahili, ao shamba moja, ao soko moja la kwenu. Hesabu. Andika.