Julian Bond

Horace Julian Bond (14 Januari 1940 – 15 Agosti 2015) alikuwa mwanasiasa, mwanaharakati wa haki za kiraia na mwalimu wa chuo kikuu nchini Marekani. Alikuwa mbunge katika jimbo la Georgia kwa miaka 20: kwanza katika Baraza la Wawakilishi la Georgia (1967–1975), kisha katika Seneti ya Georgia (1975–1987). Alikuwa mwanachama wa Chama cha Kidemokrasia.

Anakumbukwa hasa kwa tukio la mwaka 1966, pale wabunge wa Georgia walipokataa aapishwe kwa sababu alipinga Vita vya Vietnam, ingawa wananchi walikuwa wamemchagua. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba wabunge hao walivunja katiba. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2010 alikuwa mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi wa Marekani.

Maisha ya awali

Bond alizaliwa Nashville, Tennessee, katika familia ya wasomi. Babu yake, James Bond, alizaliwa utumwani, akapata elimu katika Chuo cha Berea huko Kentucky na kuwa mchungaji. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mtaalamu wa elimu. Mwaka 1945 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo ambacho Kwame Nkrumah wa Ghana alikuwa amesoma. Mama yake, Julia Washington Bond, alikuwa mkutubi.

Julian alisoma George School, shule ya bweni ya Wakweka huko Pennsylvania, akamaliza mwaka 1957. Wakweka ni madhehebu ya Kikristo yanayokataa vita, na Bond mwenyewe baadaye alijieleza kuwa mtu anayepinga vita vyote. Mwaka huohuo alijiunga na Chuo cha Morehouse mjini Atlanta, Georgia. Aliacha masomo mwaka 1961 ili kufanya kazi ya harakati, akarudi baadaye na kupata shahada ya Kiingereza mwaka 1971.

Harakati za haki za kiraia

Mwezi Machi 1960 Bond alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa Atlanta waliotoa tamko la kudai haki sawa na kuanza kukaa katika migahawa iliyowakataza watu weusi. Alikamatwa kwa kuongoza kundi lililoingia katika mkahawa wa jengo la halmashauri ya jiji.

Mwezi uliofuata alishiriki kuunda Kamati ya Uratibu ya Wanafunzi Wasiotumia Nguvu, inayojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza SNCC. Alikuwa msemaji na mkuu wa mawasiliano wa kamati hiyo hadi mwaka 1966. Kazi yake ilikuwa kuhariri gazeti lake na kuhakikisha kwamba waandishi wa habari wanapata taarifa za watu waliopigwa, waliofungwa au waliofukuzwa kazini kwa kujiandikisha kupiga kura katika majimbo ya kusini.

Uchaguzi wa 1965

Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, ambalo ni tofauti na Kongresi ya taifa iliyoko Washington, D.C. Bunge la Georgia hukutana Atlanta na lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi na Seneti.

Kwa miaka mingi mipaka ya uchaguzi ya Georgia ilizipa kata za mashambani zenye watu wachache nguvu kubwa kuliko miji. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wilaya za uchaguzi za mabunge ya majimbo lazima ziwe na idadi ya watu inayokaribiana. Georgia ililazimika kuchora mipaka upya, na Atlanta ikapata viti vipya, vikiwemo vya mitaa yenye wakazi wengi weusi.

Bond aligombea katika wilaya ya 136, iliyokuwa na wapiga kura wapatao 6,500, ambao takriban 6,000 kati yao walikuwa weusi. Alipita nyumba kwa nyumba kuwauliza wakazi wanachotaka bunge liwafanyie. Miongoni mwa ahadi zake zilikuwa kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa na kufutwa kwa adhabu ya kifo. Mwezi Juni 1965 alishinda kwa kura 2,320 dhidi ya 487 za mpinzani wake. Alikuwa na umri wa miaka 25. Watu weusi 8 walichaguliwa katika Baraza la Wawakilishi mwaka huo, akiwemo Grace Towns Hamilton, mwanamke mweusi wa kwanza katika bunge la Georgia.

Kukataliwa bungeni

Tarehe 3 Januari 1966 Sammy Younge, mwanafunzi mweusi na mwanachama wa SNCC aliyewahi kutumikia jeshi la majini la Marekani, aliuawa kwa risasi mjini Tuskegee, Alabama, baada ya ugomvi kuhusu choo cha kituo cha mafuta kilichotengwa kwa wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko la kupinga Vita vya Vietnam. Lililinganisha kifo cha Younge na vifo vya wakulima wa Vietnam, na lilisema kwamba SNCC inawaunga mkono vijana wasiotaka kuandikishwa jeshini kwa lazima.

Bond hakuwa ameandika tamko hilo, lakini mwandishi wa habari alipomuuliza alisema anakubaliana nalo. Aliongeza kwamba anavutiwa na ujasiri wa wanaochoma kadi zao za kuitwa jeshini. Baadaye alifafanua kwamba hakumshauri mtu yeyote kuichoma, na kwamba yake alikuwa nayo mfukoni.

Wabunge 75 waliwasilisha pingamizi. Walidai kwamba maneno yake yaliwasaidia maadui wa Marekani, yalihimiza uvunjaji wa sheria ya uandikishaji na yalilivunjia bunge heshima. Kwa hiyo, walisema, hawezi kuapa kwa dhati kuilinda katiba.

Tarehe 10 Januari 1966, siku ya kuapishwa, Bond alizuiwa kula kiapo pamoja na wenzake. Kamati ya bunge ilimhoji siku hiyohiyo. Alisema yuko tayari kuapa, lakini hakukana maoni yake. Jioni, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 184 dhidi ya 12 kumnyima kiti. Siku chache baadaye Martin Luther King Jr. aliongoza maandamano hadi jengo la bunge kumuunga mkono.

Tukio hilo lilikuwa na mfano wake katika historia ya Georgia. Mwaka 1868, baada ya Vita vya wenyewe kwa wenyewe, bunge la jimbo liliwafukuza wabunge weusi waliochaguliwa kihalali. Walirudishwa mwaka 1870 kwa shinikizo la serikali ya taifa.

Kesi ya Bond dhidi ya Floyd

Bond alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini Atlanta. Mbunge James Floyd alikuwa miongoni mwa walioshtakiwa, na kesi hiyo inaitwa kwa jina lake. Majaji wawili kati ya watatu waliliunga mkono bunge. Jaji Elbert Tuttle alipinga, akisema kwamba katiba ya Georgia imetaja sifa za kuwa mbunge na baraza haliwezi kuongeza nyingine.

Wakati rufaa ikisubiriwa, kiti kilitangazwa kuwa wazi. Mwezi Februari 1966 uchaguzi mdogo ulifanyika, na wakazi wa wilaya ya 136 wakamchagua Bond tena. Mwezi Mei kamati ya bunge ilimuita na kumuuliza kama amebadili msimamo. Alikataa kuubadili, nayo ikakataa tena aapishwe. Mwezi Novemba alishinda uchaguzi mkuu, ikiwa mara ya tatu kuchaguliwa bila kukalia kiti.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Majaji wote 9 walikubaliana. Hoja kuu zilikuwa hizi:

- Jimbo linaweza kumtaka mbunge aape kuilinda katiba, lakini wabunge walio wengi hawawezi kutumia kiapo hicho kupima kama mwenzao anaapa kwa dhati, na kwa njia hiyo kumzuia kutoa maoni yasiyowapendeza.
- Maneno ya Bond hayakuwa kosa la kisheria. Raia wa kawaida angeweza kuyasema bila kushtakiwa.
- Mbunge hana uhuru mdogo wa kusema kuliko raia wa kawaida. Kwa kuwa kazi yake ni kuwawakilisha wananchi, anapaswa kuwa na nafasi pana ya kueleza msimamo wake juu ya sera za nchi.

Kwa msingi huo, kumnyima kiti kulivunja Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yanayolinda uhuru wa kusema. Bond aliapishwa Januari 1967, mwaka mmoja baada ya kukataliwa.

Mkutano Mkuu wa Chicago 1968

Mwezi Agosti 1968 Chama cha Kidemokrasia kilikutana Chicago kuteua mgombea urais. Wajumbe rasmi wa Georgia, waliohusishwa na gavana Lester Maddox aliyetetea utengano wa rangi, karibu wote walikuwa wazungu. Bond aliongoza pamoja na wengine kundi la wajumbe mbadala, weusi na weupe, lililodai nafasi hiyo. Mkutano uliamua kugawa kura za Georgia nusu kwa nusu kati ya makundi hayo mawili.

Katika mkutano huohuo jina la Bond lilipendekezwa kwa nafasi ya makamu wa rais. Aliliondoa jina lake, kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na katiba inahitaji umri wa angalau miaka 35.

Kazi za bungeni

Miaka ya kwanza Bond alitengwa na wabunge wengi. Hata hivyo alibaki bungeni na kuchaguliwa mara nyingi, na mwaka 1974 alichaguliwa kuingia Seneti ya Georgia. Alishiriki kupitisha sheria kuhusu upimaji wa ugonjwa wa selimundu, ambao huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, na mpango wa mikopo nafuu ya nyumba kwa watu wa kipato cha chini. Mwaka 1971, akiwa bado mbunge, alikuwa rais wa kwanza wa Southern Poverty Law Center, shirika la kisheria la mjini Montgomery, Alabama. Alishika nafasi hiyo hadi 1979.

Kazi yake kubwa ya Seneti ilihusu mipaka ya uchaguzi. Mwaka 1981 alipendekeza wilaya ya 5 ya Kongresi, iliyoko Atlanta, ichorwe ili watu weusi wawe wengi wa kutosha kumchagua mtu wanayemtaka. Mpango uliopitishwa mwishowe na bunge uliweka watu weusi kuwa takriban asilimia 57 ya wakazi, lakini idadi yao kati ya wapiga kura waliojiandikisha ilikuwa ndogo zaidi. Wizara ya Sheria ya Marekani iliukataa. Mwaka 1982 mahakama ya shirikisho ya Washington iliona kwamba uliandaliwa kwa nia ya kibaguzi, na wilaya ikachorwa upya kwa takriban asilimia 65.

Uchaguzi wa 1986

Kiti cha wilaya ya 5 kilipobaki wazi mwaka 1986, Bond alikigombea. Mpinzani wake mkubwa ndani ya chama alikuwa John Lewis, rafiki yake wa miaka mingi aliyekuwa mwenyekiti wa SNCC wakati Bond akiwa msemaji wake.

Katika duru ya kwanza Bond aliongoza kwa takriban asilimia 47 dhidi ya 35, lakini hakufikia nusu ya kura. Kampeni ya duru ya pili ilikuwa kali. Lewis alimtaka wapimwe wote wawili matumizi ya dawa za kulevya, na Bond alikataa. Mwezi Septemba Lewis alishinda kwa takriban asilimia 52 dhidi ya 48. Bond alipata kura nyingi zaidi za watu weusi, lakini Lewis aliungwa mkono na wazungu wengi. Hivyo wilaya ambayo Bond aliipigania ilikwenda kwa Lewis, aliyeiwakilisha hadi alipofariki mwaka 2020. Bond aliondoka Seneti mwaka 1987 na hakushika tena wadhifa wa kuchaguliwa na wananchi.

Maisha ya baadaye

Bond alikuwa msimulizi wa Eyes on the Prize, mfululizo wa televisheni kuhusu historia ya harakati za haki za kiraia ulioanza kuonyeshwa mwaka 1987. Alifundisha historia hiyo katika Chuo Kikuu cha Virginia na Chuo Kikuu cha Marekani mjini Washington, D.C.

Mwaka 1998 alichaguliwa mwenyekiti wa NAACP, akabaki hadi 2010. Alitetea pia haki ya ndoa kwa watu wa jinsia moja, msimamo uliomtofautisha na baadhi ya viongozi wa dini waliokuwa wenzake katika harakati. Mwaka 2013, akiwa na miaka 73, alikamatwa nje ya Ikulu ya Marekani akipinga ujenzi wa bomba la mafuta la Keystone XL.

Alifariki tarehe 15 Agosti 2015 huko Fort Walton Beach, Florida. Aliacha mke wake wa pili, Pamela Horowitz, na watoto watano wa ndoa yake ya kwanza.

Umuhimu

Hukumu ya Bond dhidi ya Floyd inafundishwa katika vyuo vya sheria vya Marekani kama kinga ya uhuru wa kusema wa wabunge. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu iliamua jambo linalokaribiana nalo, kwamba Baraza la Wawakilishi la Kongresi halikuwa na mamlaka ya kumzuia Adam Clayton Powell Jr. kukalia kiti chake, kwa kuwa alikuwa na sifa zote zinazotajwa na katiba. Hukumu ya Bond haikugusa swali kama maoni yake kuhusu Vietnam yalikuwa sahihi. Ilihusu nani ana haki ya kumkataa mwakilishi kwa sababu ya maoni yake: wabunge wenzake au wananchi waliompigia kura.