Kutoka Lori la Sinema Hadi Sebuleni: Projekta, Watu wa Kusini na Steringi Aliyekuja Kuwa Waziri Mkuu

Mdau wa Masoko, Kivinje au Lindi mjini, kabla hujatuma hela Kariakoo uletewe projekta kwa basi, tulia kwanza. Hicho kimashine kina historia, na historia hiyo inaweza kukuokoa usipigwe.

Turudi 1935. Kule Vugiri, milima ya Usambara, meja mmoja wa Kiingereza na wenzake walianzisha mradi wa sinema za elimu kwa Waafrika. Picha zenyewe? Safura, kodi, kuweka akiba posta. Hawakuchukua mkanda wa milimita 35 wa majumba ya sinema ya mjini, walichukua wa milimita 16. Sababu ni wepesi: projekta, genereta na pazia vilitakiwa viingie kwenye lori, lizunguke Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland. Sauti ilitoka kwenye santuri, pembeni. Santuri ikiachana na picha, mtu kafunga mdomo lakini maneno yanaendelea!

Wale jamaa walikuwa na maswali matatu: umeme utatoka wapi, mwanga utatosha, na pazia likae umbali gani. Swali la nne hawakumuuliza mtazamaji: unataka kuona nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mambo yakabadilika kidogo. Serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni ya Johannesburg kutengeneza picha za hadithi, Kiswahili kitupu. Moja iliitwa Muhogomchungu. Steringi wake alikuwa kijana mtumishi wa serikali, mzaliwa wa Songea. Mwaka 1962 kijana huyo huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Jina hatulitaji, wazee wanalo. Yaani mashine iliyoletwa kuhimiza watu walipe kodi, ndiyo iliyowaonyesha sura ya mmoja wa watu waliokuja kumwondoa mkoloni. Noma sana.

Halafu zikaja zama za kibanda umiza. Deki, tivii moja, mabenchi, na mtafsiri anayemwaga maneno juu ya picha za Kihindi na za kareti. Kusini kulikuwa na mtihani wake: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na masika barabara ilikuwa kilio. Kanda mpya ilikawia. Lakini kibandani mtazamaji alikuwa na sauti, maana asipolipa kiingilio, mwenye kibanda analala njaa. Watu wakichoka picha, inabadilishwa.

Sasa zamu ni yako, na maswali ni yale yale ya lori.

Mwanga: boksi likiandikwa lumeni 9000 kwa bei ya kutupa, shtuka. Uliza lumeni za ANSI, ndizo zinazopimwa kwa kanuni. Mashine ndogo nyingi zina mia chache tu, zinatosha usiku taa zikiwa zimezimwa. Mchana wa Kilwa na madirisha wazi, utaona kivuli.

Ubora wa picha: "inakubali 1080p" maana yake inaipokea tu. Uliza ubora wake halisi, unaweza kukuta ni 720 au chini ya hapo.

Umbali: uwiano ukiwa 1.2 na mashine ikae mita 3 kutoka ukutani, picha itakuwa na upana wa mita 2.5. Pima chumba kabla ya kulipa. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa unafaa kuanzia.

Umeme na hewa: gesi ya Songo Songo inazalisha umeme tangu 2004, lakini umeme kucheza bado tunaujua, kwa hiyo weka kilinda umeme. Hewa ya bahari ina chumvi, ukimaliza kuangalia funika mashine.

Mwisho, usijifungie nayo. Simu tayari kila mtu anaangalia peke yake. Lori lilikusanya kijiji kizima bila kukiuliza kinataka nini. Wewe unaweza kuita majirani, ukatandika mkeka uani, na mkachagua pamoja.

Haya, steringi wa Muhogomchungu ni nani? Dondosha jina hapo chini, bila kumpigia babu simu.