Mavazi ya Waume Ugogoni

Mwaka 1982 Carol Gilligan wa Marekani alimkosoa mwenziwe Lawrence Kohlberg, aliyejenga kipimo cha maadili kwa kuwachunguza wavulana watupu. Ugogo, nchi kavu ya Dodoma, ilikuwa na hoja yake ya kale.

Mvua ikizuilika, au ng'ombe wakifa kwa maradhi, wanawake walivaa mavazi ya waume, wakashika silaha zao, wakachunga mifugo. Kisha wakacheza hadi mpakani kuutupa mkosi. Waume walijitenga. Peter Rigby, aliyeyaandika hayo mwaka 1968, aliona majukumu yakipinduliwa ili mkosi nao upinduke. Naafiki, lakini nasoma na ungamo humo: kulitengeneza lililoharibika kuliwashinda waume. Ibada ikiisha, ng'ombe walirudi mikononi mwao.