Waliokufa Pamoja na Askofu

Leo twamkumbuka Askofu James Hannington, aliyeuawa huko Busoga tarehe 29 Oktoba, 1885. Jina lake tumelisikia mara nyingi kanisani. Wako wengine katika habari hiyo ambao huwa twawapita upesi mno.

Mwezi wa Julai mwaka ule Askofu aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na watu wapatao 200. Alichagua njia mpya ya kwenda Uganda, kupitia Ukambani, Ukikuyu na nchi ya Wamasai. (Nairobi yetu haikuwako bado, reli ilifika hapa mwaka 1899.) Alipofika mahali paitwapo leo Mumias, aliwaacha wengi chini ya William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani akawa mtumishi wa Kanisa. Yeye akatangulia na wapagazi 50 hivi.

Hakujua ya kuwa Waganda walimwogopa mgeni ajaye kwa njia ya mashariki, wala kwamba Kabaka Mwanga alikuwa amesikia habari za Wajerumani kutwaa nchi za pwani. Chifu Luba akamfunga siku nane. Akiwa mgonjwa, Askofu aliandika katika daftari lake ya kwamba Zaburi ya 30 ilimtia nguvu. Kisha wakamwua, na karibu wapagazi wote pamoja naye.

Sisi wa Mowlem twaijua kazi ya kubeba. Wako kati yetu wanaosukuma mikokoteni, na wanaoamka alfajiri kutafuta kibarua cha mjengo. Basi twauliza: hao 50 walikuwa akina nani? Si wote waliokuwa Wakristo, wala si juu yetu kuwabatiza baada ya kufa. Lakini mzigo walioubeba ulikuwa wa Injili, na mkuki haukuwauliza dini.

Mifupa ya Askofu ilizikwa Namirembe tarehe 31 Desemba, 1892, na Waanglikana humkumbuka kila mwaka. Ni vema. Majina ya wapagazi hatusomewi.

Jones aliwarudisha waliosalia, wakafika Rabai Februari 1886, wamechoka na kukonda. Mbele yao ilipepea bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Mwaweza kulisoma katika 1 Samweli 4:21. Wanawake wakatoka mbio kuwalaki, wakatazama nyuso moja moja, wakaanza kulia wakiwadai waume zao.