Kubisha hodi kwenye tovuti ya watu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, mniwie radhi. Umeme wa hapa Lodwar mnaujua. Leo nataka kuandika juu ya swali nililoulizwa Kakuma, ambalo limeninyima usingizi kuliko hata joto.

Kijana mmoja mkimbizi ninayemfundisha programu aliniita pembeni. "Mwalimu, njoo uone kitu." Alikuwa ameomba nafasi ya mafunzo kwenye tovuti ya shirika moja (jina nalihifadhi), na fomu yake ilikuwa na namba mwishoni mwa anwani. Akabadilisha ile namba, ikafunguka fomu ya mtu mwingine: jina, simu, nchi aliyoikimbia, jamaa aliowaacha huko. Hakuulizwa paswadi wala chochote. Akaniambia amekwisha kufungua kama hamsini hivi. Halafu akauliza, "Sasa mimi nimewasaidia ama nimevunja sheria?"

Mimi si wakili, kwa hiyo nilimjibu kwa hadithi za waliomtangulia.

Nilianza na Uingereza. Katikati ya miaka ya 1980, Robert Schifreen na Stephen Gold waliingia kwenye Prestel, huduma ya habari kwa njia ya simu, hadi wakafika kwenye sanduku la barua la Prince Philip. Mlango waliofunguliwa ulikuwa namba 2222222222 na paswadi 1234, msicheke! Serikali haikuwa na sheria ya kuwashtaki, ikatumia ile ya kughushi ya 1981. Walihukumiwa 1986, wakashinda rufaa 1987, na mwaka 1988 Mabwana wa Bunge wakakubali kwamba kughushi si kosa lao. Ndipo ikaja sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 1990.

Sheria hiyo ilikuja kumnasa Daniel Cuthbert, na kisa chake ndicho kinachoniuma. Mnakumbuka tsunami ya Desemba 2004, iliyofika hadi pwani yetu na kuua mtu Watamu. Cuthbert, fundi wa usalama wa kompyuta London, alichangia pauni 30 kwenye tovuti ya misaada. Ukurasa wa shukrani haukutokea, akaingiwa na wasiwasi kwamba huenda ametapeliwa. Akaandika ../../../ kwenye anwani aone itakuwaje. Seva ikapiga kelele, polisi wakaja. Oktoba 2005 alipatikana na hatia, faini pauni 400 na gharama 600. Hakimu alisema anamhukumu kwa masikitiko. Hakuiba kitu, lakini aliingiza mkono pasipo ruhusa, na sheria haikuuliza zaidi.

Haya, turudi nyumbani. Kenya ilianza kutoza faini kwa makosa haya kupitia marekebisho ya sheria ya mawasiliano, yaliyoanza kutumika Januari 2009. Miaka mitatu baadaye, Januari 2012, mtu wa Indonesia aliyejiita direxer alichafua tovuti 103 za serikali yetu. Aibu ile wengi wetu tuliishuhudia kwa macho. Sheria kali zaidi ikaja Mei 2018. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikwenda mahakamani na vifungu 26 vikasimamishwa, hadi Jaji James Makau alipovirudisha tarehe 20 Februari 2020. Kifungu cha 14, cha kuingia bila idhini, hakikuwa kati ya hivyo 26. Adhabu yake ni faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili.

Kifungu hicho kinazungumzia kukiuka hatua za usalama. Je, mlango usio na kufuli una hatua gani ya kukiukwa? Wakili mzuri angeweza kubishana hapo, lakini sitaki kijana wangu awe ndiye wa kujaribiwa. Kifungu cha 18, cha zana za udukuzi, kinaacha nafasi kwa majaribio na mafunzo, ila yawe yameidhinishwa. Marekani, wizara yao ya sheria ilitangaza Mei 2022 kwamba haitawashtaki watafiti wenye nia njema. Sheria yetu haina kinga ya namna hiyo.

Lakini upande wa pili nao una uzito. Januari 2022 Msalaba Mwekundu wa Kimataifa waligundua seva zao zimevamiwa, na taarifa za watu zaidi ya 515,000 zimechukuliwa, wengi wakiwa watu waliopotezana na jamaa zao. Walioingia walipitia tundu lililokuwa halijazibwa. Kwa mtu wa Kakuma, jina lake na mahali alipo si namba za kuuza matangazo. Wapo ambao waliowakimbia bado wanawatafuta.

Kwa hiyo nilimwambia kijana: zile hamsini zilikuwa nyingi mno. Mbili zingetosha, na moja yako mwenyewe ingetosha zaidi. Tulifuta alizohifadhi. Niliandika barua pepe kwa jina langu, nikaweka mfano wa fomu yake tu kwa ridhaa yake, nikawakumbusha kwamba sheria ya data ya 2019 inawapa saa 72 kumjulisha kamishna wakijua kuna uvujaji wa hatari.

Siku 11 kimya. Siku ya 12 ukurasa ukafungwa, na jioni nikapigiwa simu. Hakuna asante. Swali lilikuwa moja: "Nani alikupa ruhusa?" Nilijibu kwamba mwenye fomu alinionyesha fomu yake. Jibu hilo ni kweli nusu, na nalijua.

Kijana naye ana swali lake. Anataka kujua ni watu wangapi walifungua fomu yake kabla yeye hajafungua za wengine. Kumbukumbu za seva zinaweza kusema. Nimeandika barua ya pili kuwauliza, na bado nasubiri.