Kuhama na Majina Yetu: Kutoka CVS Hadi Git, Tukitazama Kutoka Lodwar

Leo tuweke kando vifaa vipya, tuzungumze historia kidogo. Ni historia ya kuhama, na nitaizungumza nikitazama kutoka Turkana, nchi ya wafugaji wanaojua kuhama kuliko sisi wa kompyuta. Mfugaji akihama anajua kila mnyama ni wa nani. Sisi tukihama, mara nyingi hilo ndilo tunalolisahau.

Kwa wale wasiofahamu, mradi wa programu wenye watu wengi huwa na daftari lake, yaani mfumo wa kudhibiti matoleo. Humo huandikwa nani alibadilisha mstari gani, lini na kwa nini. Daftari la kwanza kujulikana sana ni SCCS la mwaka 1972, likafuatwa na RCS mwaka 1982. Mwaka 1986 Mholanzi Dick Grune akaanza CVS, na ndiyo iliyotawala miradi huria miaka ya 1990.

CVS iliweka daftari kwenye seva moja, kila mtu akaandika humo kupitia mtandao. Tatizo ni kwamba iliandika faili moja baada ya nyingine. Umebadilisha faili kumi, mtandao ukakatika kwenye ya sita: seva inabaki na nusu ya kazi yako, na programu haijengeki kwa mtu yeyote. Kwa mtu wa Ulaya hiyo ilikuwa ajali ya nadra. Sasa fikiria Lodwar kabla ya 2009, wakati nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa na nchi nzima ikitegemea setilaiti.

Subversion ilitoa toleo la 1.0 mwaka 2004 ikiwa na dawa ya ugonjwa huo: badiliko linaingia lote au haliingii kabisa. Miradi mingi ikahama, KDE ikiwemo, mwaka 2005. Lakini seva ilibaki moja. Bila mtandao huwezi kuandika kwenye daftari, wala kusoma kurasa zake za nyuma.

Mwaka huo huo wa 2005 likatokea jambo la Linux. Tangu 2002 Linus Torvalds alikuwa akitumia BitKeeper, programu ya kampuni iliyowaruhusu bure. Ukazuka ugomvi, ruhusa ikaondolewa, na mwezi wa Aprili Torvalds akaanza kuandika Git. Humo kila mtu ana daftari zima kwenye kompyuta yake. Unaandika ukiwa nje ya mtandao, unaunganisha baadaye.

Hapa ndipo Kakuma inapoingia. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Sudan, na iko kilomita 120 hivi kutoka Lodwar ukielekea Lokichoggio. Kijana wa pale anayejifunza programu anaweza kufanya kazi wiki nzima bila mtandao, kisha kwa amri ya git bundle akaifunga historia yote kuwa faili moja, akaitia kwenye flashi na kumpa mtu anayepanda gari kwenda Lodwar. Ikifika, inaunganishwa na kila badiliko lina jina na tarehe yake. CVS na Subversion hazikuwa na njia rahisi kama hiyo.

Tusisifu kupita kiasi. Kuchukua daftari zima kwa mara ya kwanza ni mzigo mzito, na amri ya git clone ikikatika katikati unaanza upya. Hapo pia flashi ndiyo mkombozi.

Miradi inayotugusa nayo ilihama. OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004 kutokana na kazi ya Eldoret, ilikuwa kwenye Subversion, ikahamia Git miaka ya mwanzo ya muongo wa 2010. DHIS2 inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011 kwa takwimu za afya, zikiwemo za Turkana, ilikuwa kwenye Bazaar na baadaye ikahamia Git.

Sasa turudi kwenye majina. Subversion huandika jina moja tu kwa kila badiliko: la yule aliyeliingiza. Git ina nafasi mbili, moja ya mwandishi na moja ya aliyeingiza. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini mimi iliniuma. Nikiwa Lodwar nilituma marekebisho kwa mradi mmoja (sitautaja) kwa barua pepe, maana sikuwa na ruhusa ya kuandika kwenye seva. Mwenye ruhusa akayaingiza, bila ubaya wowote, na daftari likaandika jina lake. Mradi ulipohamia Git, jina lake likahama naye. Langu likabaki kwenye barua pepe.

Hata Linux ina kovu hilo. Torvalds hakuingiza historia ya zamani kwenye Git. Ukiuliza leo nani aliandika mistari ile ya kale ambayo haijaguswa tangu hapo, utajibiwa: Linus Torvalds, tarehe 16 Aprili 2005. Maelfu ya watu wamefunikwa na siku moja. Wengine baadaye waliijenga upya historia hiyo, lakini iko kando.

Torvalds na wenzake hawahitaji daftari kuwashuhudia. Kijana wa Kakuma anahitaji. Mwenye vyeti vilivyopotea vitani hana cha kumwonyesha mwajiri wa mbali isipokuwa kazi yake yenye jina lake. Ukilifuta jina, umefuta cheti.

Basi ukihamisha mradi kutoka Subversion, fanya hivi. Kwanza toa orodha ya majina yote mafupi yaliyo kwenye daftari. Kaa na wakongwe wa mradi, ulizeni kila jina ni nani, mjaze faili la waandishi: jina fupi upande mmoja, jina kamili na barua pepe upande wa pili. Ukilipa git svn faili hilo, itasimama kila ikikuta jina isilolijua. Usikasirike, inakukumbusha mtu. Pili, pitieni maelezo ya mabadiliko mkitafuta "asante fulani kwa marekebisho", na mmwandike huyo kama mwandishi. Tatu, lile daftari la zamani lifungeni lisomwe tu, msilitupe.

Na yafanyeni kabla ya kutangaza daftari jipya. Namba ya utambulisho ya kila badiliko kwenye Git hukokotolewa pamoja na jina la mwandishi. Ukirekebisha jina moja la zamani, namba zote zinazofuata zinabadilika, na kila aliyekwisha kuchukua nakala anapata taabu.

Mfugaji huhesabu mifugo kabla ya safari. Nasi tuhesabu watu. Kama nawe jina lako liliachwa njiani, niandikie kwenye maoni hapa chini. Tuonane wakati mwingine.